Kipande Kitupu cha Mama

Mama Redio, jirani yetu, anadai kaka aliuza zamu ya mama ya kupasuliwa jicho. Eti alimwona akipokea bahasha nyuma ya hospitali. Mama Redio huyo huyo alishawahi kumzika shemeji yake kwa mdomo, na shemeji yuko hai, anakula vizuri tu. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo naeleza nilichokiona.

Pale hospitali kaka alipewa kazi ya kuhamisha habari za wagonjwa kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya. Mimi nimeishia la saba, lakini nilikuwa nikimpelekea chai nakaa kumtazama, naye ananieleza. Ile ya zamani ilimwandika kila mgonjwa kwenye mstari mmoja usio na mkato wala nukta. Jina limepimiwa urefu wake, namba ya simu urefu wake, tarehe ya kupasuliwa urefu wake. Pasipo na kitu panaachwa wazi. Programu aliyoizoea kaka ilijua kusoma mpaka ikute mkato, basi. Akaiongezea ujuzi wa kukata kwa urefu. Siku ilipokubali aliniita profesa, akanywa chai yote na yangu.

Kilichomponza ni usafi. Kila kipande kilichotoka kitupu, aliiagiza programu ikitupe. Watu aliowajaribia wote walikuwa na simu.

Mama hana simu. Kipande chake kitupu kikatupwa, tarehe ikasogea ikakaa mahali pa simu, na mahali pa tarehe pakabaki hewa. Asiye na tarehe haitwi.

Leo daktari mgeni anayepasua macho anamaliza kazi, na hajui atarudi lini. Tumekaa kwenye benchi tangu asubuhi, mama hajala kama alivyoagizwa. Wenzake waliitwa mmoja mmoja. Nesi alipotazama kompyuta, akasema huyu mama hayumo. Kaka akakimbilia ofisini, akarekebisha programu palepale, jasho likimtoka. Lakini mwenye ruhusa ya kuingiza habari upya ni bosi wake, na bosi alisema kazi imeshafungwa, mama asubiri safari nyingine ya daktari.

Nilimwacha mama akiniuliza kama kaka amekula, nikaenda mwenyewe.

“Bosi, shikamoo. Naomba umruhusu aingize mstari wa mama tu. Daktari bado yumo ndani.”

Bosi alikuwa anafunga droo. Akajaribu ufunguo, haukuingia, akachukua mwingine, akaendelea kufunga kana kwamba sijaomba kitu.