Mtani Mlangoni

Kwa miaka kumi na moja Mwanvita alimtukana Geofrey kila asubuhi, na kiwanda cha magunia hakikuanguka. "Wee Mzigua, hujafa tu?" Naye Geofrey, msimamizi wake, alijibu: "Nikifa, nani atakuzika wewe Mluguru?" Wazigua na Waluguru ni watani, na mtani hakasirikiwi.

Kisha akaja mwenye kiwanda mpya, akawakabidhi wafanyakazi wote kwa wakala wa ajira. Mikataba ya kudumu ikafutwa, ikaletwa ya miezi mitatu mitatu. Zahanati ya kiwanda ikageuzwa stoo. Mwanvita, ambaye vumbi la katani lilishamharibu kifua, akaonekana mzigo. Ikatafutwa sababu ya kumfukuza, ikapatikana: barua ya wakala ilisema amemtishia msimamizi wake kifo. Shahidi ni Geofrey mwenyewe. Alisaini bila haya, mwoga mkubwa yule, ili mkataba wake usiguswe.

Mwanvita alitakiwa kwa ofisa wa kazi Jumatatu iliyofuata kujitetea, na hakuwa na wa kumsemea. Jumamosi, siku mbili kabla, Geofrey akafiwa na mama, huko Kingolwira.

Mwanvita alikwenda. Jeneza lilipokuwa likitolewa, akajilaza kizingitini kama watani wafanyavyo: maiti haipiti mpaka mfiwa atoe chochote. Watu wakacheka, hata waliokuwa wakilia. Geofrey akachomoa noti ya elfu tano.

"Hela yako sitaki," alisema Mwanvita, akikohoa. "Nataka neno. Sema mbele ya hawa wote: nilikutisha, au nilikutania?"

Kicheko kikakatika. Bwana wa wakala, aliyekuja kutoa pole, alikuwa amesimama kando ya gari lake. Geofrey alimtazama, kisha akatazama chini. Neno moja tu, na ua mzima ungekuwa shahidi wa Mwanvita Jumatatu.

"Mtoeni huyu mama," alisema.

Mwanvita aliinuka mwenyewe kabla hawajamgusa. "Piteni," alisema. "Kumbe hapa sina mtani. Nimekosea nyumba."

Akashika njia. Huko uani wanawake wa Kiluguru, watani waliokuwa wakipika tangu alfajiri, waliweka miiko chini, mmoja baada ya mwingine, wakamfuata. Hakuna Mzigua aliyethubutu kuwaita. Wali ukaungua sufuriani, na Geofrey akamzika mama yake bila mtani wa kumchekesha.