Vikwembe vya Dirisha la Kusini

Mimi ndiye niliyechagua vikwembe, vile vitenge vya sare, vya sikukuu ya parokia, na nilivichagua ndani ya kanisa. Kosa lilianzia hapo.

Miaka kumi na moja kazi hiyo ilikuwa ya Maman Antoinette, mkubwa wa chama chetu cha wamama. Mwaka huu magoti yalimzuia kwenda madukani Matonge, mtaa wetu huku Ubelgiji, akasema mbele ya wote: "Bon, Mauwa achague. Tutaona." Lile "tutaona" lake likanikaa shingoni.

Bertin, muuza vitambaa, akaniletea vipande vya kuchagulia Jumapili moja ya mwezi wa tano, kabla ya misa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha siku zote, karibu na nguzo ya tatu, chini ya dirisha la kusini. Kanisa letu ni la zamani sana. Nguzo zinapanda mpaka shingo inachoka kuzifuata, na huko juu mawe membamba yanafunguka kama vijiti vya mwavuli. Nikashika kipande kimoja cha rangi ya divai, chenye majani madogo.

"Hiki."

Bertin akanitazama. "Maman, uko sûre?"

"Niko na macho, mwanangu."

Vilipofika kutoka kwa mshonaji tukavifungua nyumbani kwa Antoinette. Vilikuwa vyeupe kama maziwa, na majani ya kijivu.  Antoinette akauliza: "Donc tunaenda ku misa, ao tunaenda kupasuliwa?"

Wamama wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nami nikacheka, lakini vikwembe vyote ishirini na viwili vilikuwa vimekwisha kushonwa. Tungeingia sikukuu kama wauguzi, na kuanzia hapo nani angeniamini hata na uzi?

Jumanne nikarudi kanisani na changu. Papa Achille, Mbelgiji mzee aliyeishi kwetu Likasi na ambaye sasa anatunza funguo, akakitandika juu ya kiti changu, akaangalia juu. Mtakatifu wa vioo vya rangi dirishani amevaa joho jekundu. Jua lilikuwa linapita ndani ya joho lile, linashuka mpaka kitini, na kikwembe kilikuwa divai tupu.

"Kumbe ulinunua dirisha, maman," akasema.

Nikaja asubuhi tatu, nikakaa, nikaangalia. Saa dix heures, saa nne ya asubuhi, wekundu uko kwenye kiti changu. Dix heures quarante, dakika arobaini baadaye, umefika njia ya katikati. Na saa hiyo ndiyo tunapeleka matoleo! Sikumwambia mtu.

Jumapili ya sikukuu mvua ikanyesha.

Nikatangulia na mkate, Antoinette nyuma yangu na kikapu cha matunda, wengine wanafuata. Sisi matoleo tunayapeleka kwa kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma. Nilipofika nguzo ya tatu, sakafu ilikuwa ya kijivu. Nikageuza hatua ili ningoje jua: moja mbele, moja nyuma.

"Mauwa, tembea! Padri anazeeka!"

"Magoti, maman."

"Magoti ni ya kwangu!"

Ubeti wa tatu ukapita. Wa nne. Padri amenyoosha mikono, anatabasamu, anangoja. Kwaya ikarudia kutoka mwanzo. Jasho likanitoka, nikacheza palepale.

Kisha mvua ikaacha kupiga vioo. Kwanza nguzo ikawa nyekundu, halafu mawe ya chini, halafu mkate mikononi mwangu. Nikaangalia chini: kikwembe changu kilikuwa divai, majani yote yanang'aa. Watoto wakapiga kelele. Nikasogea kidogo ili mwingine aingie, naye Antoinette akaingia, akasimama.

"Songa, maman," nikamwambia. "Padri anazeeka."

"Angoje." Aligeuka polepole, na magoti yake yale, ili rangi imfike na mgongoni. Nyuma wamama walikuwa wanasukumana kutaka zamu.

"Mwaka kesho uchague weye tena," akasema. "Ku kiti ile ile."