Mashoka ya Getini

Wenye kusahau na wasahau. Siku wanawake wa kikundi walipokubali kuacha kuchoma mkaa ili msitu upone, shirika la mazingira lililowasimamia liliwataka wasalimishe mashoka. Vichwa vikachomelewa kwenye geti la ofisi, vimepangwa kama miale ya jua. Mipini ikachemshiwa chai ya wageni. Mama Tanuri, mjane aliyeitwa hivyo kwa kuwa mkaa wake haukutoka na kijinga hata kimoja, yaani kipande kisichoiva, aliutazama ukiungua mpini aliouchonga marehemu mumewe, akapiga makofi na wenzake.

Badala yake akapewa mizinga. Na kusema haki, nyuki waliingia.

Kisha Bwana Miradi, kijana wa shirika mwenye maneno matamu kuliko asali yenyewe, akatangaza ugeni wa wafadhili. Mizinga ipakwe rangi ya mafuta, nje na ndani, ing'ae. Hakuna aliyebisha. Mama Tanuri alipaka yake mara mbili, asizidiwe na jirani. Rangi haijakauka, nyuki wakahama. Wafadhili wakaja, wakapiga picha getini, wakaondoka. Mzinga hata mmoja haukufunuliwa.

Wifi yake, ambaye hakujiunga na kikundi, alimsubiri mlangoni.

"Wifi, nyuki wako wamekwenda semina?"

Mama Tanuri akampita, akaingia. Ndani sufuria zilikuwa zimefunikwa kifudifudi. Akaenda ofisini kuomba shoka lake.

"Mama yangu, lile si shoka tena," Bwana Miradi alimwambia kwa upole. "Ni nembo. Vuta subira, awamu ya pili inakuja."

Subira haipikwi. Alipotoka alilitambua lake kwa pengo la makalini, akaligusa. Lilikuwa limepakwa rangi ya dhahabu.

Jioni ile alimwendea wifi. Alijiandaa kwa kejeli. Wifi akamkabidhi shoka kimyakimya, na hilo lilimuuma zaidi.

Akakata miti mibichi iliyokuwa karibu, njaa haikumpa nafasi ya kuchagua. Tanuri likafuka moshi mzito ulioonekana mpaka ofisini. Bwana Miradi akaja na kamera. Mama Tanuri alisimama, udongo mikononi, akingoja kukaripiwa, hata kufukuzwa kikundini.

Kijana hakukaripia. Alisema waombaji wa fedha za awamu ya pili wanatakiwa kuonyesha tatizo bado lipo.

"Mama, sogea kidogo kushoto, moshi uonekane vizuri."

Akasogea.