Pikapu Namba 4417

Odessa Tyndall hakuwa na jino la tatu juu upande wa kulia. Hakuwa na kabati la nguo kiwandani, hakuwa na likizo yenye malipo, hakuwa na pensheni wala ahadi ya pensheni. Hakuwa na gari, ingawa kwa miaka sita alikuwa akifunga vioo vya mbele vya pikapu, moja baada ya nyingine, zamu nzima. Zaidi ya yote, hakuwa na maneno mawili, "wa kudumu", kwenye kitambulisho chake. Chake kiliandikwa "wa muda", nacho kilikuwa cha njano ili wasimamizi wakione kutoka mbali. Cha wa kudumu kilikuwa cheupe.

Mgomo wa kiwanda cha magari cha Pell River, jimbo la Michigan, Marekani, ulianza Jumatano moja ya mwezi Septemba, saa nne asubuhi. Odessa alikuwa amekwisha kupaka gundi kuzunguka fremu ya kioo cha mbele cha pikapu namba 4417. Filimbi ikalia, mkanda unaobeba magari ukasimama. Alikirudisha kioo kwenye rafu yake, akafuta mikono, akatoka na wenzake elfu mbili na mia tatu.

Siku ya tatu, saa nane mchana, pikapu namba 4417 nayo ikatoka.

Ilipitia lango la kusini. Injini haikusikika kwa sababu nyaya zake zilikuwa hazijaunganishwa. Haikuwa na kioo cha mbele wala betri. Kizuizi cha langoni kilijiinua chenyewe, na wagomaji wakaipisha, maana kazi yao ilikuwa kuzuia wanaoingia, si wanaotoka.

Kiongozi wa wagomaji wa lango hilo alikuwa Stan Wojtas, mchomeleaji wa miaka thelathini na moja kazini. Alitazama daftari lake la zamu.

"Nani huyo?"

"Arobaini na nne kumi na saba," alisema Odessa. "Wangu. Nilimwacha na gundi mbichi."

"Basi apange mstari nyuma yako. Na mwambie asinikanyage visigino, goti langu bovu."

Akaiandika daftarini, zamu ya saa nane hadi saa kumi na mbili. Ikazunguka mbele ya lango pamoja nao, kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka. Zamu ilipokwisha ilisogea kando ya uzio, ikangoja ya kesho.

Oktoba ilileta umande wa barafu. Nyasi zikawa nyeupe, mabango yakawa meupe, hata ndevu za Stan, lakini juu ya pikapu barafu haikushika. Boneti yake ilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Watu waliacha pipa la moto wakaja kuiwekea viganja. Walisimama wamevua kofia, wanaume na wanawake waliochomelea milango na kukaza nati tangu ujana wao. Batabukini waliokuwa wakihamia kusini walishuka chini, wakaizunguka mara moja, wakaendelea na safari.

"Miaka thelathini na moja," alisema Stan, "na sijawahi kuangalia hata moja. Zinapita tu. Kumbe ni nzuri hivi."

Kwenye dirisha la pembeni palikuwa na karatasi ya bei, ile ambayo kwa kawaida hubandikwa mwisho kabisa. Siku ya kwanza ilisema dola 58,200. Kila asubuhi saa tatu tarakimu zilijigeuza mbele ya macho ya watu, kama za pampu ya petroli, na kila mara zilipanda. Kampuni ililiambia gazeti kwamba bei zinapanda kwa sababu ya mishahara. Wiki hiyo hakuna mtu hata mmoja wa lango lile aliyekuwa akilipwa mshahara.

"Tunakula maharage ya kopo," alisema Stan, "na bado sisi ndio tunaopandisha bei. Jamani, tuna nguvu!"

Wiki ya tatu alikuja Vernon Haske, mchimbaji visima kutoka kaskazini, na karatasi mkononi. Alikuwa ameagiza pikapu mwezi wa Aprili. Ya zamani ilikuwa imeoza sakafu, akiendesha anaona barabara katikati ya miguu yake. Namba iliyokuwa kwenye karatasi ilikuwa 4417.

"Nyinyi ndio mmekalia gari langu?"

"Hatujalikalia, mzee," alisema Odessa. "Linatembea, kama unavyoona."

Vernon alikuja tayari kwa ugomvi. Aliitazama ikipita mara ya kwanza, ikapita mara ya pili. Kisha akavua kofia, akaweka kiganja kwenye boneti, akatembea nayo hatua kadhaa bila kukitoa.

"Ina joto."

"Haina betri."

"Naona." Akasoma karatasi ya bei. "Mmeshaongezwa mshahara?"

"Bado."

"Sasa hizi elfu tano za juu ni za nani?"

Pikapu ikaendelea na mzunguko wake. Kesho yake Vernon alirudi na sufuria ya mchuzi wa nyama ya paa, akagawa, akamuuliza Odessa anadai nini hasa.

"Kitambulisho cheupe," alisema Odessa. "Mengine nitayatafuta mwenyewe."

Siku ya arobaini na tatu mkataba ulipigiwa kura, ukapita. Ulisema kibarua mwenye miaka sita mfululizo atakuwa wa kudumu siku ya kurudi kazini. Odessa alikuwa na miaka sita na miezi miwili. Stan alimkumbatia hadi miguu yake ikaacha ardhi.

Jumatatu pikapu iliingia nyuma yake, ikapanda kwenye mkanda, ikasimama mahali pake. Gundi ilikuwa mbichi kama alivyoiacha. Odessa alishusha kioo, nacho kikaingia kwenye fremu kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi. Wafanyakazi wa mstari mzima walisimama kuangalia, na msimamizi hakupiga filimbi. Alikuwa akiangalia yeye pia.

Alhamisi ofisi ilitoa barua mbili. Ya kwanza iliihusu pikapu: kwa kuwa namba yake haikufutwa vitabuni, siku zake za nje zilihesabiwa kuwa siku za ndani, na dhamana yake ya kiwanda haikukatika. Ya pili ilimhusu Odessa. Kitambulisho chake cha njano kilikuwa kimezimwa kwa zaidi ya siku arobaini. Kwa wa muda, kitambulisho kikizimwa zaidi ya siku thelathini, utumishi huhesabiwa umekatika. Utumishi wake ulikuwa umeanza upya, na mpaka siku ile ulikuwa na siku nne.

"Nilipiga kura ya ndiyo," alisema Stan, akiangalia viatu vyake.

"Hata mimi," alisema Odessa.

Vernon aliichukua pikapu kwa dola 66,350. Alitia sahihi kwa sababu visima havingoji. Tangu hapo kila kunapopambazuka pikapu huondoka uani kwake, humfikisha Odessa kiwandani, na hurudi kabla Vernon hajamaliza mayai yake. Hakulalamika. Alichofanya ni kuacha blanketi kwenye kiti.

Jumamosi Odessa alikaa mezani, akaandika kwa makao makuu ya kampuni. Hakuomba upendeleo. Aliomba ahesabiwe kama ilivyohesabiwa pikapu namba 4417, kwa kuwa walitoka lango moja, wakarudi siku moja, na yeye ndiye aliyekuwa mbele. Stan alitia sahihi kama shahidi bila kuulizwa. Odessa aliikunja barua mara tatu, akalamba ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba jinsi anavyokandamiza mpira unaozunguka kioo cha gari. Akaenda posta, akaitumbukiza kwenye sanduku la barua la buluu.