Krimu ya Chumba cha Nyuma

Fundi cherehani, jirani yetu wa mlango wa pili, anasema kuna mpishi mmoja wa kantini aliyepaka dawa ya tyubu kutoka kliniki, akalala, na kulipokucha ngozi ya shavu ikabaki kwenye mto.

"Kwenye mto, nakwambia! Kama ganda la kiazi kilichochemshwa."

Nikamuuliza kama alimwona kwa macho yake. Akasema aliyemhadithia ni mtu mzima na watoto wake, atadanganya ili iweje? Nikacheka, lakini tyubu yangu ilikuwa mfukoni, na mkono uligoma kutoka juu yake.

Ugonjwa wangu daktari aliuita rosasea. Mashavu na pua huwaka kana kwamba nimeinamia jiko, halafu vipele. Kwa weusi wangu, wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo kila mtu husema ni chunusi. Shangazi naye alisema hivyohivyo. Ndiye aliyenilea tangu mama afariki, na saluni kwake ndiko ninakoosha wateja nywele. Alinipa kikopo cha krimu anayochanganya mwenyewe chumba cha nyuma, mlango ukiwa umefungwa. Nikang'aa. Nikawa tangazo lake: "Mwoneni huyu, mmemsahau alivyokuwa?" Kisha vipele vikarudi, na ndugu zao.

Daktari akanipa ile tyubu ya jeli, nipake kidogo tu asubuhi na jioni, na ile krimu niiache. Nikaitupa. Haikupita wiki uso ukavimba, maji ya baridi yakawa yananichoma, jicho la kushoto likakwaruza kama lina mchanga. Nikamkumbuka yule mpishi. Kila nilipoamka nilipapasa mto kwanza, kabla sijafumbua macho.

"Si nilikwambia?" shangazi akasema. "Uso wako na hospitali haviivi chungu kimoja. Rudia dawa yako, mwanangu."

Nikarudi kliniki. Daktari aliinua kope yangu, akalikagua jicho.

"Jeli haijakuunguza," akasema. "Uso unadai ile uliyoikatisha ghafla. Nadhani ilikuwa na steroidi, dawa kali ambayo ngozi ikiizoea huwaka ikikosa, lakini ipi, kali kiasi gani, imechanganywa na nini? Hata ukileta kidogo nikaipeleka maabara nitangoja sana, na hilo jicho sitaki kulibahatisha. Kaulize, urudi leo hii."

Nikaenda saluni moja kwa moja. Shangazi alikuwa amemkalisha binti anayekaribia kuolewa, anampaka krimu shavuni kwa kidole, taratibu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umechelewa. Shika taulo."

Sijawahi kumhoji shangazi mbele ya watu. Kitanda ninacholalia ni chake, sahani ninayolia ni yake. Jicho lilikuwa linatiririka, namwona nusunusu.

"Shangazi, ile krimu huwa unatia nini ndani?"

Binti akafumbua macho. "Kwani ina nini?"

"Maua na mafuta, mrembo. Huyu hajalala vizuri. Funga macho."

Nikasogea hadi pua yangu ikanusa krimu ile ile niliyoizoea.

"Daktari ananisubiri. Sitakutaja popote, naapa kwa kaburi la mama. Nitajie majina ya dawa tu. Tafadhali, shangazi, jicho linaharibika."

Kidole chake kilisimama shavuni mwa yule binti. Kisha akachota krimu nyingine, akahamia shavu la pili.