Humo Sirudi

Mektilda alikuwa mchambuaji wa mbaazi katika ghala moja Babati, njia ya kwenda Bonga. Kila asubuhi msimamizi, Theodori, aliwaingiza wanawake wote ndani, akafunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo. Tajiri, mwenye ghala, alikuwa amesema wanawake wanaiba.

Choo kilikuwa nje, kwa hiyo waliacha kunywa maji. Vumbi liliwakohoza mpaka wakashindwa kulala. Mektilda alivumilia yote hayo, na baadaye uvumilivu huo ndio uliomchoma zaidi.

Siku moja Theodori alisambaza vidonge vya kuua wadudu katikati ya magunia huku wao wakiendelea kuchambua.

"Kaka, tusubiri nje kwanza," alisema Vailet, ambaye tumbo lake lilikuwa la miezi saba.

"Kazi haisubiri," alijibu Theodori. Akafunga mlango, akaenda kunywa chai.

Harufu kali ikajaa ghala. Vailet akaanza kutapika, kisha akaanguka. Wanawake wakagonga mlango, wakapiga kelele. Hakuna aliyekuja kufungua. Mektilda akanyanyua jiwe la mizani akaupiga mlango, akaupiga tena, mpaka mbao zikapasuka. Vijana wa bodaboda wakasikia, wakaja kuwasaidia kumtoa Vailet. Akapakiwa kwenye bajaji na kukimbizwa hospitali.

Theodori akarudi.

"Nani kavunja mlango wa watu?"

"Mwenzetu katolewa hana fahamu, wewe unauliza mlango?" Mektilda alifoka.

Tajiri naye akafika. Akashuka garini, akaenda moja kwa moja kuzishika zile mbao. Hakuuliza Vailet yuko wapi.

"Mama Brayan," alimwambia Mektilda, "anayeona kazi ngumu aende. Wanaoitaka ni wengi."

"Naenda," alisema Mektilda. "Ng'ombe wako ungewafungia na sumu? Sisi umetufungia!"

Bernadina, mchambuaji mwenzake, akavua kitambaa alichojifungia puani, akamfuata. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Wachache walibaki, wameinamisha vichwa. Mektilda hakuwalaumu, alijua hali za nyumbani kwao.

Vailet alipona. Mtoto hakupona.

Mektilda alipokwenda kumwona Vailet nyumbani kwake, mtaa wa Nangara, alimkuta ameketi kitandani, macho makavu.

"Wamekuita urudi?" Vailet aliuliza.

"Theodori alikuja jana. Eti tajiri amesamehe."

"Amesamehe nini?"

Mektilda alikuwa amemfukuza Theodori uani kwake kwa mwiko wa ugali, na mkono ulikuwa bado unamwasha.

"Nitalima vibarua. Humo sirudi," alisema hatimaye. "Kesho mimi na Bernadina tunakwenda kwa afisa kazi kushtaki."

Vailet akashusha miguu chini, akatafuta ndala zake kwa vidole.

"Mnipitie," alisema. "Nataka nimweleze mwenyewe, kwa mdomo wangu."