Nyuki wa Betri

Ndani ya kitalu nyumba chetu hamna nyuki wala upepo. Plastiki juu, plastiki pembeni, nyanya katikati. Kwa hiyo nyuki ni sisi: unashika mswaki wa betri, unagusa kikonyo cha ua, drrrr, chavua inadondoka, tunda linashika. Siku ya kwanza tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mashamba mawili yasiyosalimiana yalilipia mafunzo pamoja, kisa yote yamekosa mtu anayeijua kazi hii. Nafasi ya kazi ilikuwa moja tu kwa mashamba yote mawili. Fomu ilitaka kidato cha nne. Mimi niliishia la saba. Mkufunzi wetu, Mama Kipimo, akaniambia, "Jaza hivyo hivyo, mwanangu. Nyanya haitakuuliza cheti."

Siku ya mtihani, saa moja asubuhi, mameneja wote wawili, wa shamba la juu na wa shamba la chini, wakasimama mlangoni. Kila mwanafunzi na mstari wake wa nyanya. Profesa, kijana tuliyempa jina hilo kwa maneno yake mengi, akaruka na mswaki kama kapigwa shoti. Mimi nikatikisa ua moja juu ya upindo wa sketi yangu nyeusi. Hamna kitu. Plastiki ilikuwa bado inatoa jasho, matone yananidondokea shingoni. Chavua imelowa, imegandana. Nikageuza ndoo, nikaketi.

"Binti, unangoja basi?" akauliza meneja wa shamba la juu.

"Nangoja pakauke, baba."

"Dada, wenzako tushamaliza!" Profesa akanichokoza.

Nikakaa kwa saa mbili na zaidi. Kila mara nagusa ua, natazama sketi. Feni zinazunguka. Saa tatu na nusu, drrrr! Sketi ikajaa vumbi la njano kama nimechekecha unga.

"Wee!" Meneja wa shamba la chini akainama aone vizuri, chavua ikamwingia puani. Chafya! Mwenzake akainama kumcheka, naye chafya!

"Na zako zilidondoka?" Mama Kipimo akamuuliza Profesa.

Profesa akatazama mstari wake, akatazama juu. "Sikuangalia, mama."

"Huyu binti wangu," akasema wa juu, anajifuta machozi.

"Wako kwa lipi?" akadakia wa chini.

"Basi Jumatatu mpaka Jumatano kwangu, awafundishe watu wangu."

"Alhamisi mpaka Jumamosi kwangu. Na Jumapili..."

"Jumapili, wazee wangu," nikasema, kicheko kimenibana mbavu, "nalala."